Namna ya kusoma jedwali la elementi, kuanzia mfuko wa mbolea hadi Kimondo cha Mbozi

Kila mwaka vijana wa kidato cha pili wakifika kwenye mada ya jedwali la elementi, maswali yanayonifikia hapa Uyole, Mbeya, ni yale yale. "Mwalimu, potasiamu inaanza na P, hiyo K imetoka wapi?" "Klorini ina 35.45, hiyo pointi ni ya protoni gani?" "Kwa hiyo tukariri zote 118?" Nimeyajibu kwa mdomo, nimeyajibu kwa ujumbe wa simu saa nne usiku, na sasa nayaandika ili anayefuata nimtumie hiki.

Nianze na swali la mwisho: usikariri. Jedwali limechapishwa ili usihangaike kulikariri. Elementi 20 za mwanzo utazihitaji kichwani kwa ajili ya mtihani, nazo zitaingia zenyewe ukilitumia jedwali wiki mbili tatu mfululizo. Unachotakiwa kujua ni swali gani linajibiwa na kisanduku, lipi linajibiwa na mahali kisanduku kilipokaa, na lipi halimo kwenye jedwali kabisa. Wengi wanaohangaika wanatafuta jibu la aina ya tatu ndani ya kisanduku.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Jedwali moja la karatasi. Steshenari za Mwanjelwa, Makambako au Iringa mjini watakuchapishia. Waambie walaze ukurasa wa A4 na wautumie wote. Likibanwa nusu ukurasa namba hazisomeki. Rangi si lazima.
- Ufunguo. Ni kisanduku kimoja kikubwa pembeni kinachoeleza kila namba ni ya nini. Jedwali lisilo na ufunguo lirudishe.
- Penseli, kifutio, daftari na kikokotoo, hata cha simu.
- Simu yenye bando, ukiwa nayo. Utaihitaji hatua ya sita tu.

Hatua ya 1: Pata alama kwanza

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo sisi waongea Kiswahili tunapotegwa. Majina yetu mengi ya metali yana kazi mbili.

Chukua bati. Kijana anatazama paa la nyumbani kwao, anasema ni bati, anaenda kwenye Sn, namba 50, anakuta linayeyuka kwa nyuzi 232 za selsiasi. Anarudi kwangu na macho makubwa: mbona jiko la mama halijayeyusha paa? Kwa sababu paa lile ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki ili isishike kutu, na siku hizi mara nyingi ni zinki na aluminiamu pamoja. Tumeliita bati kwa mazoea. Ukitaka habari za paa, nenda Fe na Zn.

Risasi nayo ni ya bunduki na pia ni Pb, namba 82. Fedha ni ya mfukoni na pia ni Ag, namba 47. Nondo tunaiita chuma, lakini ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Na yale "madini joto" yaliyoandikwa kwenye pakiti ya chumvi ni iodini, alama I, namba 53. Wazee wa nyanda hizi za juu wanakumbuka jinsi rovu shingoni lilivyokuwa jambo la kawaida. Sababu kubwa ilikuwa upungufu wa elementi hii moja kwenye chakula.

Kwa hiyo fanya hivi:

(a) Jiulize kama unachokitafuta ni elementi kweli. Maji, chumvi, chokaa, magadi na chuma cha pua hutavikuta kwenye jedwali hata ukitafuta mpaka Krismasi. Hivyo ni michanganyiko au kampaundi, yaani elementi zilizoungana. Tafuta kwanza vimeundwa na elementi zipi, kisha zitafute moja moja.

(b) Andika alama yake. Zipo 11 ambazo alama haifanani na jina linalotumika shuleni, nyingi zikitoka Kilatini: Na (sodiamu), K (potasiamu), Fe (chuma), Cu (shaba), Ag (fedha), Sn (bati), Sb (antimoni), W (tangsteni), Au (dhahabu), Hg (zebaki) na Pb (risasi). K ni ya *kalium*. Hizi 11 zibandike ukutani, ndizo pekee zenye kuhitaji kubandikwa.

(c) Angalia herufi. Ya kwanza ni kubwa daima, ya pili ni ndogo daima. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni iliyoungana na oksijeni, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makete na Njombe wakati wa baridi ya Juni na Julai hili si somo la darasani tu. Kosa la herufi moja kwenye karatasi linakunyima alama, na gesi yenyewe haikupi nafasi ya kusahihisha.

Hatua ya 2: Soma namba mbili za kisandukuni

Tafuta K. Iko upande wa kushoto kabisa, mstari wa nne kutoka juu. Ndani utakuta 19 na 39.10.

Namba kamili, isiyo na pointi, ni namba ya atomi. Hiyo ndiyo idadi ya protoni, zile chembe zenye chaji chanya ndani ya kiini cha atomi, na ndiyo kitambulisho cha elementi. Ukibadilisha protoni moja tu, si potasiamu tena.

Namba yenye pointi ni uzito wa atomi. Majedwali mengine yanaweka namba ya atomi juu, mengine chini, kwa hiyo usiamini mahali. Kanuni inayokufaa: ndogo ni namba ya atomi, kubwa ni uzito. Haidrojeni peke yake ndiyo zinakaribia kulingana, 1 na 1.008.

Mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili nilichanganya hizi mbili. Nilichora atomi ya klorini nikaipa elektroni 35, miduara ikajaa nukta kama dagaa kwenye sufuria. Mwalimu hakunichapa. Aliibandika ile picha mlangoni, ikakaa hapo muhula mzima.

Hatua ya 3: Hesabu protoni, elektroni na nyutroni

Protoni ni sawa na namba ya atomi. Elektroni ni idadi hiyo hiyo kama atomi haina chaji. Nyutroni unapata kwa kutoa: namba ya masi (jumla ya protoni na nyutroni) toa namba ya atomi. Kwa potasiamu, 39 toa 19 ni 20.

Sasa ile pointi. Uzito ulioandikwa ni wastani wa atomi za elementi hiyo zinazopatikana kwa asili. Klorini ina atomi za aina mbili: karibu robo tatu zina masi 35, karibu robo zina masi 37. Chukua nne: tatu za 35 na moja ya 37. Jumla ni 142, gawa kwa 4, unapata 35.5. Hakuna atomi yoyote yenye nusu protoni wala nusu nyutroni.

> Angalia: kuzungusha uzito ili kupata masi kunafaa kwa elementi nyingi nyepesi, lakini si zote. Shaba ni 63.55, ukizungusha unapata 64, wakati shaba ya asili ina atomi za 63 na za 65 tu. Swali likikupa namba ya masi, tumia hiyo na uache ya jedwali.

Hatua ya 4: Soma mahali ilipokaa

Mistari iliyolala inaitwa piriodi, zipo 7. Nguzo zilizosimama zinaitwa makundi, zipo 18.

Panga elektroni za potasiamu kwa matabaka, kuanzia la ndani kwenda nje: 2:8:8:1. Matabaka manne, iko piriodi ya 4. Elektroni moja tabaka la nje, iko kundi la I. Unaweza kwenda na kurudi: ukipewa mahali unapata mpangilio, ukipewa mpangilio unapata mahali. Kwa elementi 20 za kwanza njia hii haikuangushi, isipokuwa heliamu, ambayo ina elektroni mbili tu lakini imewekwa kulia kabisa pamoja na gesi zisizopenda kuungana na kitu.

Shuleni kwetu makundi yanaandikwa I hadi VIII, na hilo la mwisho wengine huliita 0. Majedwali mapya yanaandika 1 hadi 18. Kubadilisha ni rahisi: 1 na 2 zibaki zilivyo; kuanzia 13 mpaka 18 toa 10. Kundi la 17 ni VII, kundi la 13 ni III. Yale ya katikati, 3 hadi 12, ni metali za mpito; kwa kidato cha pili usiyalazimishe kuingia kwenye hesabu hii.

Hatua ya 5: Uliza majirani

Hapa ndipo jedwali linapoanza kuwa tamu. Elementi za nguzo moja zina tabia za ukoo.

Kundi la I: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Zote laini, zote zinakimbilia kuungana na maji, na ukali unaongezeka ukishuka. Ndiyo maana maabara sodiamu inahifadhiwa ndani ya mafuta. Kundi la VII ni kinyume: ukali unapungua ukishuka. Na tazama hali zake katika joto la chumba: klorini ni gesi, bromini ni kimiminika, iodini ni yabisi.

Tafuta pia ile ngazi inayoanzia chini ya boroni ikishuka kuelekea kulia. Kushoto kwake ni metali, kulia ni simetali, na zilizogusana nayo, kama silikoni, zina tabia za pande zote mbili. Haidrojeni iko kushoto lakini si metali. Imekaa pale kwa sababu ya elektroni yake moja.

Jaribu sasa kwa mfano wa karibu na kwetu. Kimondo cha Mbozi kina chuma karibu asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9. Weka kidole kwenye Fe, 26. Ruka moja, unafika Ni, 28. Ile uliyoiruka ni kobalti, 27. Hizi tatu zilizokaa bega kwa bega zote huvutwa na sumaku katika joto la kawaida. Nenda Liganga, Ludewa: chuma cha kule kina titaniamu na vanadiamu, 22 na 23, mstari ule ule. Shuka hatua moja kutoka vanadiamu, unakuta niobiamu, 41, ile iliyomo kwenye mwamba wa Panda Hill hapa Mbeya.

Na ile mistari miwili iliyotengwa chini kama watoto waliofukuzwa mezani? Haijatengwa. Ingeingizwa mahali pake jedwali lingekuwa refu mno kwa karatasi. Mstari wa juu unashika namba 57 hadi 71, na humo ndimo zilimo praseodimiamu (59) na neodimiamu (60), za kutengenezea sumaku zenye nguvu, ambazo zimo kwenye mwamba wa Ngualla mkoani Songwe.

Hatua ya 6: Namba za ziada

Jedwali la simu ukibonyeza kisanduku linakupa joto la kuyeyuka, la kuchemka, msongamano na mengine. Kabla ya kuandika chochote, angalia kipimo. Mengi yanatoa kelvini. Zebaki utakuta imeandikwa inayeyuka kwa 234. Ukidhani ni selsiasi, utashindwa kueleza kwa nini ni maji maji ndani ya themometa. Toa 273: ni −39.

Fanya zoezi hili kwa dhahabu na zebaki, maana Chunya iko jirani. Kwenye jedwali pia ni majirani: Au 79, Hg 80. Dhahabu inayeyuka kwa nyuzi 1,064 za selsiasi. Zebaki inachemka kwa 357. Sasa unaelewa kinachofanyika pale mchimbaji mdogo anapochoma donge la dhahabu iliyoshikwa na zebaki: zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Jedwali limekueleza kazi nzima kwa namba mbili. Kisichoandikwa kisandukuni ni kwamba mvuke ule ni sumu inayoharibu ubongo na figo, na hauonekani. Kuchoma jikoni kwenye karai linalopikiwa ni kuipikia familia sumu.

Hii ndiyo ile aina ya tatu ya maswali. Sumu, matumizi, bei, mahali inapochimbwa: hayo tafuta nje ya jedwali.

Hatua ya 7: Ingiza kwenye hesabu

Jirani yangu, mzee mkulima wa viazi, alinisimamisha siku moja na mfuko wa urea begani.

"Mwalimu, hii 46 hapa ndiyo nini?"

"Shikamoo mzee. Ni asilimia ya naitrojeni."

"Marahaba. Na wewe umejuaje kama hawajaandika tu?"

Swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Tukaketi kwenye benchi la duka. Urea ni CO(NH₂)₂. Toa uzito kwenye jedwali: kaboni moja 12, oksijeni moja 16, naitrojeni mbili 28, haidrojeni nne 4. Jumla 60. Gawa 28 kwa 60, zidisha kwa 100: 46.7. Mfuko unasema 46 kwa sababu ndani kuna unyevu na uchafu kidogo. Kwa mfuko wa kilo 50, naitrojeni ni kilo 23. Mzee akaukagua mfuko upya, akaridhika.

Tahadhari moja kwa wanaosoma mifuko. N, P na K ni alama za elementi, lakini namba ya P kwa kawaida huhesabiwa kama P₂O₅ na ya K kama K₂O. Mbolea ya DAP ya 18-46-0 haina fosforasi asilimia 46. P₂O₅ ina uzito 142, fosforasi ndani yake ni 62. Kwa hiyo zile kilo 23 za P₂O₅ kwenye mfuko wa kilo 50 zina fosforasi kama kilo 10.

Ukikwama

*Kwenye jedwali langu kuna Uut, Uup, Uus na Uuo.* Hilo ni la zamani. Yalikuwa majina ya muda ya namba 113, 115, 117 na 118. Tangu 2016 ni Nh, Mc, Ts na Og. Kwa kazi ya sekondari bado linafaa, sahihisha kwa penseli.

*Uzito umewekwa kwenye mabano.* Elementi hiyo ni ya mnunurisho, yaani viini vyake huvunjika vyenyewe, na haina atomi imara. Namba ya mabano kwa kawaida ni masi ya aina yake inayodumu muda mrefu zaidi.

*Agoni ni 39.95 na potasiamu ni 39.10, mbona nzito imetangulia?* Kwa sababu mpangilio unafuata namba ya atomi, 18 halafu 19. Mwanakemia Mendeleev alipopanga jedwali lake mwaka 1869 alitumia uzito, na mahali kama teluriamu na iodini alilazimika kupindisha ili tabia zikae sawa. Kazi ya mwanafizikia Moseley ya mwaka 1913 ilionyesha kuwa kipimo sahihi ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni.

*Jibu langu linatofautiana kidogo na la mwenzangu.* Mmoja katumia 35.5, mwingine 35.45. Kwenye mtihani tumia uzito uliochapishwa kwenye karatasi ya maswali, hata kama jedwali lako la nyumbani lina tarakimu nyingi zaidi.

*Nimepata nyutroni hasi.* Umegeuza namba. Rudi hatua ya 2, andika "ndogo" na "kubwa" kwa penseli kwenye ufunguo wa jedwali lako, uanze tena.